Mto Haupimwi kwa Macho

Wasomaji wetu, yako maneno mawili yasemwayo kila mtu aulizapo habari za mto wa kijiji. La kwanza: "Maji ni meupe, yana ubaya gani?" La pili: "Mbona samaki wangali wakivuliwa?" Yote mawili twayakataa.

Samaki gani? Kambare ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hata katika maji mabovu huishi. Basi mto uliobakiwa na kambare tu haujasifiwa. Ningu, apandaye mito kutoka Ziwa Victoria wakati wa mvua ili kutaga, ni shahidi bora kidogo, ingawa akikosekana huenda lawama ni ya nyavu zilizozibia mlango wa mto.

Shahidi mkubwa yu chini ya jiwe. Lipindue jiwe penye maji ya kasi. Ukiona wadudu wachanga wenye mikia miwili au mitatu, na wengine waliojijengea vijumba vya mchanga na vijiti, hao wengi wao hawavumilii uchafu wala upungufu wa hewa majini. Ukikuta funza wekundu na ruba tu, mto waugua, hata maji yakiwa maangavu. Maji ya chupa hueleza saa yalipotekwa. Mdudu amekaa pale majuma mengi, na lililopita usiku lilimpitia yeye. Wataalamu wa Tanzania wamekwisha kutunga kipimo cha namna hii, kiitwacho TARISS: kila jamaa ya wadudu ina alama yake, na walio dhaifu mbele ya uchafu hupewa alama kubwa. (Lakini wadudu hawa hawatuambii habari za kipindupindu, maji ya kunywa na yachemshwe.)

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, yakanuka, samaki wakafa. Kamati ya serikali ilisema kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilimaliza hewa majini. Wengi hawakusadiki, wakaulaumu uchimbaji wa dhahabu. Sisi hatuamui. Twasema kwamba ubishi ulioanza samaki wakiisha kuelea ni mgumu kukatwa. Lau kila kijiji kingekuwa na daftari la wadudu wa juu ya mgodi na chini yake, juu ya malisho na chini yake, mwezi kwa mwezi, wenye kijiji wangekuwa na neno lao la kuweka mezani.

Tena twawalaumu walimao mpaka ukingoni. Sheria ya mwaka 2004 yakataza kazi za namna hiyo ndani ya mita 60, nao wasema mita ni za watu wa mjini! Udongo wao hujaza nafasi kati ya mawe, wadudu wakakosa makao. Na mwenye kutwanga utupa ili avue samaki wa siku moja huwaua hata wadudu ambao samaki wa kesho wangewala.

Walimu wenzetu, kazi hii yahitaji kipande cha chandarua, sinia jeupe na daftari. Chagueni mahali pawili pa mawe, pamoja juu ya kijiji, pamoja chini yake, mkahesabu kabla mvua hazijaanza.