Nyota zinaitwa Uhuru, sisi bado tunasafishiwa nyota

Wadau, leo nina hasira, mniwie radhi mapema.

Wiki iliyopita nilipeleka wazo la makala kwa mhariri mmoja (simtaji, naye ana familia). Nilitaka kuandika jinsi kijana wa Mwanza anavyoweza kutafuta nyota pacha adimu kwenye data za anga zinazotolewa bure. Akacheka. "Kijana, watu wa huku watakula nyota?" Toleo lililofuata lilikuwa na tangazo la mganga anayesafisha nyota. Kumbe nyota zinalika, ila na anayezisafisha!

Haya, tuanzie Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini. Ilibeba setilaiti ya kwanza ya kupima anga zima kwa eksirei, wakaiita Uhuru. Data zikaenda kuchambuliwa Massachusetts na timu ya Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alipewa Nobel ya fizikia. Katalogi yake ya nne ina vyanzo 339, na hadi leo majina yake yanaanza na 4U. Hiyo U ni Uhuru. Wataalamu wa Tokyo na Leiden wanaiandika kila siku, sisi wenye neno letu hatuna habari.

Chukua 4U 1820-30. Mwaka 1987 wachambuzi waliokuwa wakipekua data za setilaiti ya Ulaya walitangaza kwamba eksirei zake zinapanda na kushuka kidogo tu kila sekunde 685. Maana yake kuna nyota mbili zinazungukana kwa dakika 11 na ushee. Moja ni nyota ya nyutroni, uzito wa kulishinda jua uliobanwa kwenye mpira wa upana wa kilomita 20 na kidogo, kama kutoka katikati ya jiji hadi uwanja wa ndege na kurudi. Mwenzake ni kibete cheupe anayenyonywa gesi. Kwa dakika hizo 11 daladala ya Kisesa haijatoka hata kwenye foleni.

Atakayesema mambo hayo yameisha, namjibu hivi. Jamii moja ya nyota hizi, AM CVn, zilizothibitishwa angani kote ni mia moja na kitu tu. Mwaka 2014 setilaiti ya Gaia iliibua moja ambayo nyota inamfunika mwenzake kabisa kila dakika 50 hivi, na kati ya waliosaidia kuichunguza walikuwemo watu wa kawaida wenye darubini zao nyumbani. Mwaka 2019 Kevin Burdge, akiwa bado mwanafunzi wa Caltech, alitangaza vibete viwili vinavyozungukana kwa dakika 7 kasoro. Vilitoka kwenye data za ZTF ya California.

Kazi yenyewe ni ya kichwa na subira. Kila nyota ina orodha ya vipimo vya mwanga vilivyochukuliwa ovyo ovyo, leo kimoja, keshokutwa viwili. Ukivitazama ni vumbi tupu. Unaiambia kompyuta ivikunje kwa dakika 30, halafu 29.9, halafu 29.8, nyota moja maelfu ya mara, nyota nyingine tena. Nyingi hazisemi kitu. Nyingine ni danganya toto, nyota inayopumua peke yake bila pacha. Siku moja vumbi linajipanga, unaona bonde limechongeka, pale moja inapopita mbele ya mwenzake. Kuthibitisha kunahitaji darubini kubwa kama SALT ya Afrika Kusini. Kuibua mtuhumiwa hakuhitaji.

Na msiniambie bando. Hifadhi ya Gaia inakupa uandike swali, kompyuta zao zinafanya kazi, wewe unashusha jedwali dogo kuliko video ya Bongo Fleva. Gaia iliacha kupima Januari 2025, lakini data zake zipo. Rubin ya Chile ilitoa picha za kwanza Juni 2025, na taarifa zake za nyota zinazobadilika zimepangwa kuwa wazi kwa dunia nzima.

Faida? Mwaka 2020 ziwa letu lilipanda likameza mialo, tukabaki kubishana vijiweni kama linapanda kwa mzunguko au kwa bahati mbaya. Hesabu ya kutafuta mzunguko kwenye vumbi la namba ni hiyohiyo ya nyota. Anayeijua moja anaijua ya pili. Lakini mhariri ameshaamua tunachoweza kula.

Sisi tumeanza wawili, Nyegezi, kwa kompyuta moja ambayo betri yake ni marehemu. Tuna orodha ya nyota 40 za kupekua kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenye kompyuta inayolala bure usiku, aje nayo. Na waya wa kuchajia, tafadhali.