Maoni: Kiazi cha Alimbongo kinafundisha seli kuliko picha ya ubaoni

Mara nyingi katika shule za uuguzi za upande wa Butembo, Beni na Lubero, somo la seli linaanza na picha moja ubaoni: duara kubwa, duara dogo ndani yake, na mishale ya kuonyesha majina. Utando, kiini, mitokondria, ribosomu. Mwanafunzi anachora, anaandika majina kwa Kifaransa, anayashika kwa kichwa, na siku ya mtihani anayarudisha yote mahali pake. Anapata pointi zake. Kisha anatumwa stagi katika santre ya afya, na mama mmoja anamuuliza kwa nini mtoto anayeharisha anapewa chumvi na sukari, wakati kilichomtoka ni maji. Lile duara la ubaoni halimpi jibu.

Kosa si la mwanafunzi. Mtihani unauliza majina, basi naye anajifunza majina. Lakini muuguzi wa A2 anayepelekwa kijijini, mahali ambapo daktari hayuko, anafanya kazi na seli kila siku hata kama hajui. Kila sindano anayopiga, kila chupa anayotundika, inaishia huko.

Chukua seromu ya chumvi. Chupa ile ina gramu 9 za chumvi katika kila lita. Kwa nini 9, si 2 wala 20? Kwa sababu seli nyekundu za damu zinaishi ndani ya maji ya damu yenye nguvu inayokaribia hiyo. Maji matupu yakiingizwa mengi katika mshipa, yanapenya utando wa seli na kuingia ndani; seli inavimba mpaka inapasuka. Chumvi ikizidi, maji yanatoka ndani na kwenda nje. Seli inanyauka kama lenga-lenga iliyosahauliwa juani. Muuguzi aliyeelewa jambo hili hawezi, hata usiku, hata amechoka, kufikiri kwamba maji ya kuchanganyia dawa yanaweza kuchukua nafasi ya seromu iliyoisha. Aliyeshika jina la utando tu anaweza kufikiri hivyo.

Na jambo hili linaonekana kwa macho, bila mikroskopu na bila umeme. Alimbongo haikosi viazi. Vilima vyake vya zaidi ya meta 2000 ni udongo wa viazi na mboga. Mwalimu akate vipande viwili vya kiazi vyenye unene mmoja. Kimoja akitie katika glasi ya maji safi, kingine katika glasi ya maji yenye vijiko viwili vitatu vya chumvi. Aendelee na somo lingine. Baada ya saa chache, kipande cha maji safi kimekuwa kigumu, ukikipinda kinavunjika. Kile cha chumvi kimelegea, kinapindika kama sikio la mbuzi, na kimekuwa chembamba. Maji yake yameenda wapi? Darasa zima litajibu lenyewe. Halafu mwalimu aulize swali la pili, ambalo ndilo tamu zaidi: kwa nini kiazi katika maji safi hakikupasuka, wakati seli ya damu ingepasuka? Kwa sababu seli ya mmea ina ukuta mgumu nje ya utando wake, na seli ya mtu haina. Tofauti hiyo, ambayo vitabu vinaiweka katika jedwali la kukariri, hakuna atakayeisahau tena.

Turudi kwa yule mama. Utumbo wa mtoto umefunikwa na seli ambazo kazi yao ni kupitisha chakula na maji kuelekea damu. Mdudu wa kipindupindu anatoa sumu inayozilazimisha kumwaga chumvi na maji nje, bila kusimama. Lakini juu ya utando wa seli hizo kuna mlango mwingine ambao sumu hiyo haiufungi. Mlango huo unafunguka pale sukari na chumvi zinapofika pamoja. Zinapoingia, maji yanazifuata. Sukari peke yake haitoshi, chumvi peke yake haitoshi. Ndiyo maana ya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, pale pakiti ya dawa inapokosekana.

Ujuzi huu ulipata sifa yake katika kambi ya wakimbizi, si katika hospitali kubwa. Mwaka 1971, vita ya Bangladesh ilijaza wakimbizi upande wa India, na seromu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis, huko Bongaon, akaamua kuwapa wagonjwa maji yenye sukari na chumvi wanywe, na ndugu zao ndio wakawanywesha. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4. Wakaaji wa Alimbongo wanajua kambi ni nini. Vita ya M23 ilipofika kwao mwezi wa kumi na mbili 2024, watu walishika njia ya Lubero na Butembo na vitu vichache kichwani. Penye watu wengi na maji machache, kuharisha hakukawii, na seromu ni ya kuhesabu.

Malaria nayo ni habari ya seli. Huku juu kwenye baridi mbu si wengi, lakini watu wanashuka kutafuta kazi msituni au samaki kwenye ziwa Edouard, na wanarudi na homa. Kijidudu kinajificha ndani ya seli nyekundu, kinazaana, na baada ya karibu siku 2 kinaipasua. Homa inapanda, na mtoto anapauka viganja. Muuguzi anayeona upaukaji na kuelewa kwamba seli za kubeba hewa zimepunguka hatangoja kesho kumpeleka mtoto mahali penye damu.

Lakini mahali ambapo kutoelewa seli kulilipiwa ghali zaidi ni wakati wa Ebola. Kati ya tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na tarehe 25 mwezi wa sita 2020, ugonjwa uligusa watu 3470 katika mashariki ya Kongo, na 2287 kati yao walikufa. Zoni ya afya ya Alimbongo nayo iliandikwa kati ya zile zilizoguswa. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi wa pili 2019. Sababu zilikuwa nyingi, siasa na vita zikiwemo, na ingekuwa uongo kusema kwamba somo la biolojia lingezuia yote. Hata hivyo, swali moja lilirudi katika kila mtaa: hiyo chanjo, si wanatutia Ebola yenyewe?

Jibu liko ndani ya seli. Kirusi hakiwezi kuzaana peke yake. Kinahitaji kuingia katika seli ya mtu na kuitumia kama karakana. Chanjo ile ilibeba virusi vya aina nyingine, vilivyovalishwa koti la Ebola tu, ili seli za ulinzi zijifunze kulitambua koti hilo. Na seli hizo zinakumbuka muda mrefu: dawa moja kati ya mbili zilizofaulu katika jaribio la Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ile ya mAb114, ilitokana na seli za damu za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Zaidi ya miaka 10 baadaye, bado zilikuwa na kumbukumbu ya adui. Mkongomani aliponesha Wakongomani. Ni habari gani nzuri kuliko hiyo ya kueleza sokoni, kwa Kiswahili au Kinande? Wauguzi wachache waliweza kuieleza, maana waliipokea kwa Kifaransa na kuiacha katika daftari.

Walimu watasema mtihani ni wa Kifaransa, na wana haki. Majina ya Kifaransa yabaki. Muuguzi atasoma vitabu na kuandika ripoti kwa lugha hiyo. Lakini kati ya pointi 20 za mtihani, 5 zinaweza kutengwa kwa swali la namna hii: mtoto wa miaka miwili anaharisha tangu jana, macho yameingia ndani, mama yake anakataa kumpa chumvi. Mweleze, kwa lugha anayoitumia nyumbani, kinachotokea tumboni mwa mtoto wake.