Kompyuta si ya kuchapia mitihani tu

Shuleni kwetu kompyuta ilikaa ofisini, imefunikwa kitambaa, ikingoja msimu wa mitihani. Mwaka jana niliiomba, nikaingia nayo darasani pamoja na projekta kufundisha Al-Inkishafi.

Utenzi huo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaosawiri magofu ya mji wa Pate, umetungwa kwa lahaja ya Kiamu. Wanafunzi wangu wa bara huuona kama lugha ya kigeni. Tulifungua Word, tukachora jedwali la safu mbili: kushoto ubeti, kulia maelezo yao wenyewe. Kila neno gumu tukalipaka rangi ya manjano. "Mato" ni macho, "nti" ni nchi, "ndia" ni njia. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akadakia: "Kumbe, mwalimu, penye ch yetu wao wana t!" Kanuni hiyo sikuwa nimeifundisha. Aliiona mwenyewe, maneno yalipopangana mbele yake.

Wapo wanaosema kompyuta hulemaza akili. Ni kweli, ukiitumia kunakili muhtasari wa mtu mwingine. Lakini anayelazimika kujaza safu ya kulia kwa maneno yake hana pa kujificha.

Chaki za rangi nazo zinafaa, sikatai. Tatizo ni kwamba kengele ikilia ubao hufutwa. Faili letu lipo, na kidato kinachofuata kitaanzia tulipoishia. Walimu wenzangu, ondoeni vitambaa hivyo.