Kifani cha Nini?

Yamezuka katika tasnifu zetu za fasihi mazoea ambayo hatuna budi kuyapinga waziwazi. Mtafiti hutangaza kwamba anachunguza riwaya ya Kiswahili, kisha huongeza "mfano wa" na kutaja kitabu kimoja. Kwa nini hicho na si kingine? Hatuambiwi. Aghalabu kimeteuliwa kwa kuwa kinatahiniwa shuleni au kinapatikana maktabani. Hata hivyo, sura ya mwisho huhitimisha juu ya riwaya nzima ya Kiswahili.

Watetezi wa mazoea haya hudai kwamba utafiti usio wa kitakwimu hauhitaji idadi. Ni kweli, lakini unahitaji mipaka. Kitabu hakiwi kifani kwa kuwa tu tumekishika mkononi. Huwa kifani pale tunapoeleza ni kifani cha nini.

Tuichukue *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Ikiwa ni kifani cha malezi ya mtoto wa kike, sharti ilinganishwe na riwaya nyingine zinazosawiri malezi. Ikiwa ni kifani cha udhibiti wa vitabu, matini pekee haitoshi: riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, hivyo basi walioizuia na hoja zao ni sehemu ya kifani. Ikiwa ni kifani cha riwaya ya bara, iliyotungwa na mzawa wa Ukerewe, mbali na pwani, swali la lugha ndilo litakalotangulia. Kitabu ni kimoja, vifani ni vitatu, na ushahidi wa kimoja hautoshi kuthibitisha kingine.

Aidha, "mfano wa Kezilahabi" ni wa Kezilahabi yupi? Anayehitimisha kutokana na *Rosa Mistika* kwamba huyu ni mwanauhalisia atasutwa na *Nagona* (1990).

Mwaka 1992 Charles Ragin na Howard Becker walihariri kitabu kizima juu ya swali hili. Becker alishikilia kwamba mtafiti huenda asijue kifani chake ni cha nini hadi kazi ikaribie kukamilika. Wapo watakaojificha nyuma ya kauli hiyo. Lakini kuchelewa kupata jibu si ruhusa ya kutouliza. Aliyechelewa na airudie sura yake ya kwanza, aiandike upya.

Sisi tunaosimamia tasnifu tusiidhinishe pendekezo lisilojibu maswali matatu: hiki ni kifani cha nini, mipaka yake ni ipi, na ni kazi gani ingeweza kuikanusha hoja yake? La sivyo, tutaendelea kutunuku shahada kwa muhtasari wa vitabu na kuuita utafiti.