Kipaji cha Mwana ni Amana

Wazazi wengi hutamani kujaaliwa mwana mwenye kipaji. Ni wachache wanaojiuliza: kipaji hicho kikishadhihiri, nani atakilinda, na nani atailinda mali itakayotokana nacho? Maisha ya Steffi Graf, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa tenisi duniani, yana mafunzo juu ya maswali yote mawili.

Graf alizaliwa mwaka 1969 katika mji wa Mannheim, akakulia Brühl, mji mdogo ulio jirani. Baba yake, Peter Graf, alimshikisha raketi akiwa na umri wa miaka mitatu tu, wakawa wakicheza sebuleni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mzee huyo aliwahi kweli kweli. Binti alipotimiza miaka 13, tayari alikuwa ameingia katika tenisi ya kulipwa.

Tumtendee haki mzazi huyo. Hakumwachia binti yake acheze kila penye zawadi, bali alimpunguzia safari ili mwili wake usichoke kabla ya wakati. Mwaka 1985, hadi kufikia mashindano makuu ya Marekani, Graf alikuwa amecheza mashindano 10 tu, ilhali Gabriela Sabatini wa Argentina, aliyekuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja, alikuwa amecheza 21.

Subira hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1987 Graf alitwaa ubingwa wa Ufaransa. Mwaka 1988 alishinda mashindano yote makuu manne, yaani ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, kisha akachukua medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul. Kabla yake hapakuwa na mchezaji aliyewahi kuyapata yote hayo ndani ya mwaka mmoja. Hadi anastaafu alikuwa na mataji 22 ya mashindano hayo makuu, na alikuwa ameshika nafasi ya kwanza duniani kwa jumla ya wiki 377.

Lakini baba yule yule ndiye aliyeshika fedha za binti yake. Mwezi Agosti 1995 alikamatwa kwa tuhuma za kukwepa kodi ya mapato hayo, na Januari 1997 mahakama ya Mannheim ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu na miezi tisa. Binti naye alichunguzwa. Alieleza kwamba tangu utotoni mambo ya fedha alimwachia baba yake, na shauri lake lilifungwa baada ya kukubali kulipa fedha.

Katika dhiki hiyo hakuacha kazi yake. Wiki chache baada ya baba kukamatwa, alishinda ubingwa wa Marekani, na mwaka 1996 akashinda mashindano makuu matatu kati ya manne.

Hapa ndipo penye zingatio kwetu wazazi. Peter Graf aliilinda miguu ya mwanawe, asililinde jina lake. Mapenzi hayakumkosa, wala bidii. Kilichokosekana ni uwazi. Mtoto anayemwamini mzazi wake hadai hesabu, na kwa sababu hiyo hasa mzazi hana budi kumpa kabla hajaidai. Kijana anayeingiza kipato, kiwe cha mpira, cha ushonaji au cha duka, na afunguliwe akaunti kwa jina lake, asomeshwe mkataba kabla ya kuutia saini, na aonyeshwe kilichoingia, kilichotoka na kodi iliyolipwa.

Graf alistaafu Agosti 1999, akiwa na miaka 30, miezi miwili tu baada ya kutwaa tena ubingwa wa Ufaransa. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameanzisha taasisi ya Children for Tomorrow, inayowasaidia watoto walioumizwa nafsi na vita na ukimbizi. Mwaka 2001 aliolewa na Andre Agassi, mcheza tenisi mwenzake, wakajaaliwa watoto wawili. Baba yake alifariki mwaka 2013.

Basi wewe mzazi unayeshika fedha za mwanao, kwa nia njema kabisa: akija jioni hii kuomba kuona hesabu, utakuwa na daftari la kumfungulia?