Karamu Wasiyoikuta

Neno "buma" limeingia katika malumbano ya vijana wetu kwa njia ya simu zao, na sasa kila mwenye mvi hutupiwa. Nimelisikia hata ndani ya shairi. Asili yake ni Marekani: huko huitwa hivyo waliozaliwa kati ya 1946 na 1964, askari waliporejea kutoka Vita Kuu ya Pili, wakaoa, na uzazi ukafurika. Novemba 2019 mbunge kijana wa New Zealand, Chlöe Swarbrick, alilitumia bungeni kumnyamazisha aliyekuwa akimkatiza, na neno likaenea duniani. Shtaka lililomo ni moja: nyinyi mlikula mkashiba, mkatuachia vyombo vichafu.

Nasema shtaka hilo, hata huko lilikozaliwa, linamkamata asiyehusika. Miaka kumi na minane si rika moja. Mtunzi anayekagua mizani nane kila kipande anashindwaje kuihesabu? Aliyezaliwa 1946 na aliyezaliwa 1960 huweza kuwa watoto wa tumbo moja, lakini hawakukuta sinia moja. Wa kwanza aliingia kazini wakati viwanda vikitafuta watu. Kitinda mimba alikuwa na miaka kumi na mitatu bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973. Aliyetaka kununua nyumba Oktoba 1981 alikuta riba ya mkopo imepita asilimia 18. Mwishoni mwa 1982 ukosefu wa kazi ulifika asilimia 10.8. Ni kweli kwamba aliponea Vietnam, maana kuwaita vijana jeshini kwa lazima kulikoma 1973, wala sikatai kuwa hiyo ni neema. Lakini kunusurika kifo si kula karamu.

Kisha ikaja sheria ya 1983. Umri wa kupokea pensheni kamili ya serikali, uliokuwa miaka 65, ulisogezwa hadi 67 kwa waliozaliwa 1960 na baadaye. Kaka mkubwa wa 1946 akawekewa 66. Dola yenyewe iliwatenganisha ndugu hawa. Wasiowatenganisha ni wabandika lakabu.

Na lakabu hiyo ndiyo inayovushwa bahari na kuvishwa wazee wa Unguja na Pemba waliozaliwa miaka iyo hiyo, kana kwamba nao waliachiwa viwanda vya Detroit. Mzaliwa wa 1960 wa hapa alikuwa mtoto mdogo Mapinduzi yalipotokea mwaka 1964. Elimu bila malipo aliipata, na ni haki itajwe. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika umri ambao mtoto hashibi, chakula kilipatikana kwa foleni. Alipofika miaka kumi na minane vikaja vita vya Kagera. Alipoanza kulea, miaka ya 1980, bei ya karafuu ikaporomoka, kwani Indonesia, mnunuzi mkubwa, ilikuwa imeanza kujitosheleza kwa mikarafuu yake.

Vijana wana madai ya kweli, ya ajira na ya ardhi za ufukweni. Wayadai kwa majina yake, na kwa wanaohusika, ambao wengine ni vijana wenzao. Ama mshairi anayemwita bibi yake buma, huyo ana deni kwetu: atuambie bibi huyo, aliyepanga foleni ya unga tangu alfajiri, alikula nini.