Shamba la Kijana Wako

Mzazi mpenzi, mwanao akilia kwamba shamba lake la kwenye kompyuta limeharibika, usimcheke. Katika mchezo wa Stardew Valley, alioutoa Eric Barone mwaka 2016, mchezaji hulima na kufuga miezi mingi. Wengi huutia modi, yaani nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji wenzao. Tarehe 19 Machi 2024 lilitoka toleo la 1.6, na modi nyingi za zamani zikagoma.

Basi, toleo kubwa likija, afanye hivi. Kwanza anakili folda ya shamba lake, aiweke mahali pengine. Akiba haiozi. Pili aondoe modi zote, aweke SMAPI mpya, ndiyo programu inayozipakia. Hiyo humtajia zilizopitwa na wakati. Tatu azirudishe nusu nusu, akijaribu kwa shamba jipya. Mchezo ukikwama, nusu aliyoirudisha mwisho aigawe tena, mpaka yenye kosa ijulikane. Shamba lake la zamani asilifungue kabla modi zake hazijarudi, maana vitu vilivyoletwa nazo vyaweza kupotea.

Modi isiyotengenezwa bado, aingoje. Wala asimtukane fundi wake: wengi wao hufanya kazi hiyo bila mshahara.